Malta: Kisiwa Kinachoigiza Nchi za Watu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, ndugu wanafunzi wa sanaa za filamu, mabibi na mabwana,

Nianze na bahari tunayoijua. Tarehe 8 Aprili 2009, meli ya mizigo iitwayo Maersk Alabama, iliyokuwa njiani kwenda Mombasa na shehena ambayo ndani yake mlikuwa na chakula cha msaada, ilivamiwa na maharamia wa Kisomali katika Bahari ya Hindi, na nahodha wake akashikwa mateka ndani ya mashua ya kuokolea maisha. Mwaka 2013 kisa hicho kilitoka katika filamu ya Captain Phillips, iliyoongozwa na Paul Greengrass, na sisi watu wa mwambao tuliitazama kwa namna ya pekee, kwa sababu jina la Mombasa lilikuwa likitajwa na maji yaliyokuwa mbele yetu tuliyadhani ni ya kwetu. Hayakuwa ya kwetu. Yalikuwa maji ya Malta, katika Bahari ya Mediterania, ambako mwaka 2012 matukio mengi ya baharini yalipigwa picha kwa kutumia meli ya Maersk Alexander, iliyoundwa kwa ramani moja na ile iliyotekwa, huku sehemu ya yale ya ndani ya mashua yakipigwa katika matangi ya studio iliyo ukingoni mwa kisiwa hicho. Bahari ya Hindi ilikuwa imeigizwa na bahari nyingine, na wengi wetu hatukutambua.

Malta ni nchi ya visiwa kusini mwa Sicily. Ukiunganisha kisiwa chenyewe cha Malta na ndugu zake Gozo na Comino, unapata kilomita za mraba 316 tu. Unguja peke yake ni kubwa takriban mara tano. Watu wake wamezidi kidogo nusu milioni. Haina mto unaotiririka mwaka mzima, haina misitu ya kutajika, wala mlima wa kuitwa mlima. Pamoja na hayo imekuwa Roma, imekuwa Troya, imekuwa Yerusalemu, Istanbul, Beirut, Athens, Benghazi na Aleksandria ya kale, na historia yake ya kupokea wapiga filamu kutoka nje inahesabiwa tangu mwaka 1925, kisiwa kilipokuwa bado koloni na kambi ya wanamaji wa Uingereza.

Mara nyingi husikia ikisemwa kwamba nchi kama hiyo inapendwa na watu wa filamu kwa uzuri wake. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Nchi nzuri ziko nyingi, na nyingine hazijawahi kuona kamera ya kigeni ikishushwa kutoka kwenye lori. Malta inapendwa kwa sababu iko tayari, na utayari huo umejengwa kwa mikono ya maseremala, wachomeleaji, wapaka rangi, wapiga mbizi na waendesha mashua, ambao majina yao hupita mwishoni mwa filamu wakati watazamaji tumeshanyanyuka vitini. Naomba mniruhusu niwaonyeshe kazi ya mikono hiyo kwa kuanzia pale panaponigusa zaidi, yaani kwenye tangi.

Mtu yeyote aliyewahi kupiga picha ndani ya chombo cha baharini anajua mateso yake. Wimbi la asubuhi si wimbi la adhuhuri, jua linahama, chombo kinazunguka juu ya nanga yake hata pwani ambayo haikutakiwa kuonekana inajitokeza nyuma ya mwigizaji, mshika kamera anatapika, na siku nzima inapita bila kupatikana dakika mbili za kutumika. Mwaka 1964, mwaka uleule ambao Malta ilipata uhuru, lilijengwa huko Rinella, katika mji wa Kalkara, bwawa la saruji lenye upana wa takriban mita 91 na urefu wa mita 122, lisilozidi kina cha mita mbili, kwenye ukingo kabisa wa bahari. Linajazwa maji ya chumvi. Siri yake iko katika upande unaoelekea baharini, ambako ukuta wake umeshushwa ili maji yafurike juu yake kama yanavyofurika kwenye ukingo wa sinia lililojaa. Kamera inawekwa upande wa pili, na kimo chake kinapimwa kwa uangalifu, kwa sababu ikiwekwa sawasawa ule ukingo wa saruji unatoweka, na maji ya bwawa yanaungana na maji ya Mediterania moja kwa moja hadi upeo wa macho. Mbele hakuna kisiwa wala rasi ya kuharibu picha.

Fikirini basi hali ya mwigizaji. Amesimama kwa miguu yake miwili juu ya sakafu, maji yanamfika kifuani, na hatua chache kutoka alipo yuko mtu aliyemshikia taulo na kikombe cha chai ya moto. Katika kioo cha kamera, mtu huyohuyo amepotea katikati ya bahari isiyo na mwisho. Mashine za upepo zinavuma, matangi ya juu yanamwaga mzigo wao wa maji kwa mkupuo, mitambo ya mawimbi inasukuma, na dhoruba inaanza saa ileile iliyoandikwa kwenye ratiba na kukoma pale mwongozaji anapoinua mkono. Humo ndimo zilimotengenezwa Atlantiki ya Vita Kuu ya Pili katika filamu ya U-571 na sehemu ya Pasifiki ya Thor Heyerdahl, msafiri wa Norway aliyeivuka kwa chelezo, katika Kon-Tiki.

Mwaka 1979 liliongezwa tangi la pili, lenye kina cha takriban mita 11, kwa ajili ya filamu iliyohusu kuibuliwa kwa meli ya Titanic kutoka chini ya bahari. Filamu hiyo ilitoka mwaka uliofuata na kushindwa vibaya sokoni. Tangi likabaki. Naomba tulitafakari jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa sisi tumezoea kupima filamu kwa mapato ya wiki yake ya kwanza: kazi iliyowatia hasara wenye fedha zao iliwaachia Wamalta chombo ambacho kimewaletea wateja kwa zaidi ya miaka arubaini.

Jambo la pili ni jiwe. Malta imejengwa kwa jiwe moja, jiwe la chokaa la rangi ya asali ambalo wenyeji wanaliita franka, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno linapotoka machimboni, kisha likapata ugumu kwa kukaa hewani. Ukipitisha kiganja kwenye ukuta wa zamani huko, unga mwembamba wa njano unabaki mkononi, na katika kuta zinazopigwa na upepo wa chumvi utakuta vitundu vingi vilivyochimbwa na hewa, mithili ya sega la nyuki. Mtu aliyezoea kuta zetu za matumbawe za Mji Mkongwe au Lamu hatalishangaa jiwe hilo, ila atashangazwa na wingi wake, maana nyumba, makanisa, ngome na hata kuta za mashamba zote ni rangi moja. Kwa mpiga picha hiyo ni neema kubwa. Jiwe la namna hiyo halina nchi moja. Lingeweza kuwa la Palestina, la Afrika Kaskazini, la Ugiriki au la Roma, kwa kutegemea tu nguo za watu wanaopita mbele yake na maandishi ya kibao kilichotundikwa juu ya mlango.

Walioipa Malta majengo yake makubwa ni Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, yaani shirika la watawa wapiganaji wa Kikatoliki, waliofika mwaka 1530, wakastahimili mzingiro mkuu wa Waturuki mwaka 1565, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga Valletta, ulio mji mkuu hadi leo. Ngome ya Ricasoli, iliyoanza kujengwa mwaka 1670 kwenye mdomo wa bandari kuu, ndiyo iliyopigwa picha nyingi kuliko nyingine, na sababu yake si fahari. Ni uchakavu. Niliitazama kutoka bustani za Valletta, ng'ambo ya maji, na nilichokiona ni kuta ndefu zilizoliwa na bahari, zikizunguka uwanja mpana ulio mtupu. Ngome ambayo haijageuzwa hoteli wala makumbusho inaruhusu mambo ambayo jengo lililotunzwa vizuri lisingeruhusu kamwe.

Mwaka 1999 Ridley Scott alijenga ndani yake sehemu ya uwanja wa Colosseum kwa ajili ya Gladiator. Mafundi walisimamisha takriban theluthi moja ya duara, kwa kimo cha mita 16, na sehemu iliyobaki ya uwanja pamoja na orofa za juu na maelfu ya watazamaji vikajazwa na kompyuta. Natamani kila mwanafunzi aliyeko hapa aitazame filamu hiyo kwa jicho la seremala, atafute mahali mbao na plasta zinapokoma na hesabu za kompyuta zinapoanzia. Ni kazi ngumu, na ugumu huo ndio heshima ya waliojenga. Ni katika kipindi hichohicho ambapo mwigizaji Oliver Reed alifariki dunia ghafla mjini Valletta, tarehe 2 Mei 1999, kabla hajamaliza sehemu zake, na timu ikalazimika kuzikamilisha kwa mwigizaji mbadala na kwa sura yake iliyopandikizwa kwa kompyuta, jambo lililokuwa geni kabisa wakati ule. Filamu ilipata tuzo tano za Oscar, ikiwamo ya filamu bora. Baadaye ngome hiyohiyo iligeuzwa jiji la Troya, kisha bandari ya Toulon ya Ufaransa katika filamu ya Napoleon ya mwaka 2023, na Scott akarudi tena kuijenga Roma yake kwa ajili ya sehemu ya pili ya Gladiator iliyotoka mwaka 2024.

Si kila kitu kilichojengwa kwa ajili ya kamera kilibomolewa. Kwenye ghuba ya Anchor Bay, karibu na Mellieħa, kipo kijiji kizima cha mbao kilichojengwa kati ya mwaka 1979 na 1980 kwa ajili ya filamu ya Popeye ya Robert Altman. Kwa kuwa Malta haina miti ya kutosha, magogo yaliletwa kutoka Uholanzi na vigae vya mbao vya kuezekea kutoka Kanada, na ukuta wa kuvunja mawimbi ukajengwa ili bahari isiyakumbe majumba kabla kazi haijaisha. Kilitengenezwa makusudi kionekane kinakaribia kuanguka, mapaa yamelegea na milango imepinda, lakini bado kimesimama, na watalii wanalipa kiingilio kukiona. Watoto wengi wanaokimbia kwenye ngazi zake hawajawahi kuiona filamu yenyewe.

Nyingine nitazipitia haraka. Ngome ya St Elmo ilikuwa gereza la Istanbul katika Midnight Express ya mwaka 1978. Katika Munich ya mwaka 2005, Steven Spielberg aliitumia Malta peke yake kama Tel Aviv, Beirut, Kupro, Athens na Roma, kiasi kwamba wahusika wanavuka mipaka mitano huku malori ya vifaa yakisogea mtaa mmoja tu. Valletta ilikuwa Yerusalemu katika World War Z, na Malta ilikuwa Benghazi katika 13 Hours, kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote anayefuatilia habari za Libya.

Sasa nizungumzie fedha, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimewadanganya. Malta inarejesha kwa watayarishaji wa kigeni hadi 40% ya matumizi yanayokubalika waliyoyafanya ndani ya nchi. Utaratibu wake ni kwamba mtayarishaji anatumia kwanza, analipa hoteli, mafundi, usafiri, vyakula na vibali, kisha hesabu zinakaguliwa, na ndipo serikali inamrudishia sehemu yake. Si msamaha wa kodi kwenye makaratasi. Ni fedha taslimu kutoka hazina. Ndani ya Malta kwenyewe mjadala juu ya jambo hili ni mkali, hasa baada ya kuripotiwa kwamba filamu moja tu, ile ya pili ya Gladiator, ilirejeshewa takriban euro milioni 47. Watetezi wanasema kwamba fedha hizo zisingeingia nchini kabisa bila motisha hiyo, na kwamba fundi wa Kalkara ndiye anayelipwa. Wapinzani wanauliza ni kiasi gani kinaondoka na ndege siku ya mwisho ya kazi, na watengenezaji wa filamu wa Kimalta, ambao bajeti ya filamu yao nzima haifikii gharama ya siku chache za hao wageni, wanauliza fungu lao liko wapi. Mimi naona swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na nitalirudia.

Ukarimu huo una madhara yasiyohesabika kwa euro. Mwaka 2010 msimu wa kwanza wa Game of Thrones ulipigwa Malta. Lango la mji wa kale wa Mdina likawa mojawapo ya malango ya mji mkuu wa kubuni, na harusi ya jangwani ikapigwa huko Dwejra, kisiwani Gozo, mbele ya tao kubwa la mwamba lililoitwa Dirisha la Samawati. Ili mwamba ufanane na jangwa, mkandarasi aliumwagia mchanga, na mwamba huo haukuwa mwamba mtupu: ni eneo lililohifadhiwa kisheria, lenye visukuku vya viumbe wa kale na vidimbwi vidogo ambamo wadudu na mimea ya chumvi huishi. Wahifadhi walipiga kelele, mchanga ukaondolewa, na aibu ikabaki. Kuanzia msimu uliofuata mfululizo huo ulihamishia mji wake mkuu Dubrovnik, Kroatia, na leo wanaoutafuta mji huo wanakwenda huko. Hilo tao lenyewe lilianguka baharini wakati wa dhoruba, tarehe 8 Machi 2017. Halikuangushwa na filamu, bali na mawimbi. Lakini tangu siku hiyo, wapo vijana wa Gozo ambao dirisha la kwao wataliona tu likiwa limevalishwa mavazi ya nchi isiyokuwapo duniani.

Hapo ndipo penye uchungu wangu, ndugu zangu. Nchi hii inalipwa kwa sharti la kutotajwa. Zamani kidogo, katika utaratibu wao wa marejesho, ilikuwapo nyongeza ya 2% kwa filamu itakayoionyesha Malta kama Malta. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilirudia mara mbili, kwa kudhani sikuielewa vizuri. Serikali ilikuwa ikiwaongezea wageni kidogo, ikiwaomba waiite nchi kwa jina lake.

Na nchi hiyo ina la kusema. Lugha yake, Kimalta, imetokana na Kiarabu kilichozungumzwa Sicily na visiwani humo enzi za utawala wa Waislamu ulioanza mwaka 870, kisha ikapokea maneno mengi ya Kiitalia, na leo ndiyo lugha pekee ya ukoo wa Kisemiti iliyo rasmi katika Umoja wa Ulaya. Mswahili hahitaji kamusi kwa kila neno lake. Bahari kwao ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, saa ni siegħa. Na akihesabu Mmalta, mkisikiliza vizuri, mtamsikia akipita kwenye sitta, sebgħa na disgħa, maana sita, saba na tisa zetu zimetoka kwenye kisima hichohicho.

Mwaka 2021 ilitoka filamu iitwayo Luzzu, ya mwongozaji Alex Camilleri, ambaye wazazi wake ni Wamalta. Luzzu ni mashua ya mbao ya wavuvi wa huko, iliyopakwa rangi ya buluu, njano na nyekundu, yenye macho mawili omoni, kama yalivyo macho kwenye vyombo vya Lamu. Mhusika mkuu, Jesmark, ana mashua iliyorithiwa kutoka kwa wazee wake, na inavuja. Ana mtoto mchanga anayehitaji matibabu. Na mbele yake kuna njia mbili, aichukue fidia ya Umoja wa Ulaya inayotolewa kwa mvuvi anayeacha uvuvi na kukubali chombo chake kivunjwe, au aingie katika biashara ya magendo ya samaki. Aliyemwigiza ni Jesmark Scicluna, mvuvi wa kweli ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi hiyo, na tamasha la Sundance lilimpa tuzo maalumu ya uigizaji. Hakuna Colosseum ndani yake, wala dhoruba iliyofunguliwa kwa bomba. Kuna lile jiwe la njano, kuna bandari, kuna mikono inayoziba ufa kwenye ubao kabla ya alfajiri, na hakuna aliyekibadilisha kibao juu ya mlango.

Nimewaletea dakika kumi za filamu hiyo, na tutazitazama sasa hivi taa zikizimwa. Nimeomba maandishi ya tafsiri yaondolewe. Msihangaike na maneno mtakayoyakosa. Sikilizeni tu, na mtakapolisikia lile neno la bahari, inueni mkono.